Mguu wa Kulia

"Fungua boneti," alisema Dereva.

Muuzaji wa kompyuta alimtazama yeye, akayatazama magongo aliyoyaegemeza kwenye kaunta, kisha akamgeukia Fundi, mke wa Dereva, kama mtu anayetafuta mkalimani.

"Anataka kuona ndani," alisema Fundi.

"Aa! Hilo tu, mzee wangu?"

Muuzaji alichukua bisibisi, akalegeza skrubu za ubavuni, akalitoa bati la kasha la kompyuta. Dereva aliwasha tochi ya simu yake, akainama kutoka kwenye kiti alichopewa, akaingiza uso mpaka pua ikakaribia kugusa feni. Hakuwa na haraka. Alimulika huku, akamulika kule, akazifuata nyaya kwa kidole bila kuzigusa. Kisha akanusa.

"Ananusa nini?" muuzaji alimnong'oneza Fundi.

"Kama imewahi kuungua," alijibu Dereva mwenyewe, sauti ikitoka humo humo ndani. "Haijaungua. Sasa niambie: ikipanda mlima na mzigo, inachemsha?"

Muuzaji alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi cha kutosha na kalamu nyuma ya sikio. Fundi alimwona akitaka kucheka, akamwona akikimeza kicheko, na kwa hilo tu akampenda.

"Mzee wangu, mlima wa kompyuta ni picha," alisema. "Ukifika mahali penye miti mingi, mvua inanyesha, na magari yamejazana barabarani, ndipo inapopanda. Hii hapa, kadi ya picha, ndiyo injini yenyewe. Hizi feni ndizo rejeta. Itanguruma, sikudanganyi, lakini itapanda."

"Ingurume tu. Sitaki inayojifanya haina shida, halafu ikuache njiani."

Fundi alisimama pembeni, mkoba kaukumbatia, hathubutu hata kukohoa. Maneno yale yalikuwa mengi kuliko yote aliyoyasikia kwa mumewe tangu atoke hospitali. Alitaka yaendelee, hata kama ni ya rejeta.

Jina la Fundi lilikuwa jina la kazi, na watu walikuwa wamelizoea kiasi kwamba hata mumewe alimwita hivyo. Alishona sare za shule, mapazia, magauni ya sherehe, na suruali zilizopasuka mahali pasipotajika. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, nakshi zake za dhahabu zimefutika pale mkono unapopita. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na wenzake walimpachika jina la Mzee Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Hata kwenye harusi yake mwenyewe alifika amechelewa, akasema barabara ilikuwa inateleza.

Sukari ilianza kumtafuna kwa kidonda kidogo cha kidole gumba, ambacho alikificha ndani ya buti safari nzima kwa kuwa mzigo ulikuwa wa watu na watu walikuwa wanausubiri. Aliporudi, hospitali hawakuwa na la kufanya ila kukata, na walikata juu ya goti. Mguu wa bandia aliopewa ulimchubua, ukaishia uvunguni. Dereva naye akaishia kwenye kiti cha karibu na dirisha, mgongo kaipa cherehani, uso kaipa barabara. Hakulalamika. Ingekuwa afadhali alalamike. Ukimuuliza kama atakula, alisema ndiyo. Ukimuuliza kama anaumwa, alisema hapana. Na baada ya hapo hana hili wala lile. Fundi alishinda akishona nyuma yake. Alimwona mtu wake akipungua siku hadi siku, na hakujua amshike wapi.

Ndipo walipokwenda kumtembelea binti yao, wakamkuta mkwe yuko mbele ya kompyuta, anacheza mchezo wa kuendesha lori. Barabara, vituo vya mizani, mataa, mvua, vyote vilikuwamo. Dereva alisimama nyuma ya kiti cha mkwe akatazama kwa muda mrefu sana. Kisha, mbele ya watu waliokwisha kuzoea ububu wake, akasema, "Hujawasha indiketa."

Mkwe aliomba radhi. Binti alikimbilia jikoni kulia. Fundi hakulia, kwa sababu alikuwa tayari anazifikiria fedha za mota.

Mota yenyewe ilikuwa ya cherehani. Magoti yake yalikuwa yameanza kugoma, na msimu wote wa sare alikuwa akidunduliza ili aifunge cherehani yake mota ya umeme, miguu ipumzike. Hizo ndizo fedha zilizokuwa mkobani siku ile pale dukani, na nyingine hakuwa nazo. Kompyuta ikishindwa kumrudisha mumewe, hakuwa na kitu kingine cha kujaribia.

Kompyuta zilizoingia ndani ya uwezo wao zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, ubavu wake wa kioo, taa zake zikicheza nyekundu, buluu na kijani. Fundi alikiri moyoni kwamba ilipendeza.

"Hizi taa zinafanya nini?" aliuliza.

"Zinawaka, mama."

"Baada ya kuwaka?"

Muuzaji alikuna kichwa. "Zinabadilika rangi."

Ukiinunua hiyo, hela iliishia hapo hapo. Ungeendesha lori kwa kubonyeza kibodi kama karani. Ya pili ndiyo ile Dereva aliyokuwa ameinusa, ya kijivu, imekwaruzwa pembeni, iliyotoka kwenye ofisi ya wachoraji wa majengo. Nguvu ilikuwa nayo, sura ndiyo haikuwa nayo. Ukiichukua, zilibaki hela za kioo cha kompyuta kilichotumika, usukani, kijiti cha gia na pedali. Fundi hakuwahi kununua nguo maishani mwake bila kuigeuza ndani nje na kuitazama mishono. Aliizunguka ile ya kijivu, akachungulia ndani, akaona kila waya umelazwa mahali pake na kufungwa vizuri.

"Ya kijivu," alisema.

"Ya kijivu," alisema Dereva wakati huo huo, na wakatazamana.

"Basi tuijaribu," alisema muuzaji, ambaye sasa alikuwa amesahau wateja wengine. Aliubana usukani kwenye ukingo wa meza, akafunga kijiti cha gia pembeni yake, akaziweka pedali chini sakafuni. Akabonyeza swichi. Kompyuta ikanguruma kama alivyoahidi, na kwenye kioo ikatokea yadi ya malori, asubuhi, ukungu haujaondoka.

Fundi alishika mdomo. Yeye alikuwa amezoea michezo ya watoto, vikatuni vinarukaruka. Hapa aliona dashibodi yenye vumbi. Aliona kioo cha pembeni, na ndani ya kioo kile tela refu lenyewe, na nyuma ya tela mlinzi wa lango akijinyoosha. Mwanga wa jua ulipita kwenye kioo cha mbele ukaonyesha alama za waipa. Nani alikaa akafikiria mpaka alama za waipa?

Dereva aliuvuta mkanda ambao haukuwapo, mkono ukarudi mtupu, akacheka kidogo peke yake. Kisha akashika usukani. Mikono ile, ambayo nyumbani ililala mapajani kama ya mgeni, ilijua pa kwenda. Mabega yalishuka. Shingo ilinyooka. Fundi alikuwa hajamwona mtu huyu tangu siku aliyorudi na lile buti. Dereva alitazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, akakanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, akatia gia ya kwanza, akapeleka mguu wa kulia kwenye mafuta.

Mguu wa kulia haukuwapo.

Fundi aliliona paja likisogea. Aliiona suruali, ambayo yeye mwenyewe aliikunja na kuipiga pini asubuhi ile, ikijinyanyua, ikatafuta, ikashuka tena. Walikuwa wamekagua feni, nyaya na kadi ya picha, wakabishana juu ya taa. Wote watatu walikuwa wamesahau, kwa sababu walikuwa na furaha.

Muuzaji ndiye aliyejitutumua kwanza. "Si neno, mzee wangu. Tutaiambia ijibadilishie gia yenyewe. Mguu wa kushoto utafanya kazi ya mafuta na breki."

"Ijibadilishie gia yenyewe, mimi humo nafanya nini? Nimekuwa abiria?"

"Au tuweke mafuta kwenye kitufe. Hapa, chini ya kidole."

"Mafuta si swichi ya taa." Dereva aliyasema hayo bila hasira, na hapo ndipo Fundi alipoogopa. Aliyaona macho ya mumewe yakirudi nyuma, yakielekea kule kule dirishani. Mikono iliuachia usukani. "Twende nyumbani, Fundi. Tumempotezea mtu muda wake."

Fundi aliweka mkoba juu ya kaunta. Alivuta stuli ya muuzaji bila kuiomba, akaiweka upande wa kulia wa mumewe, akaketi. Akavua ndala.

"Sogea," alisema.

"Unafanya nini?"

"Nasema sogea. Unajaza kiti kizima kama gunia."

Aliupeleka mguu wake chini ya meza, na muuzaji, ambaye alielewa kabla ya Dereva, alipiga goti akausogeza ubao wa pedali kidogo kulia, akamwonyesha: hii mafuta, hii breki. Ile ya mwisho ya kushoto mwachie mwenyewe.

"Fundi, wewe hujawahi kuendesha hata baiskeli."

"Nimekanyaga maisha yangu yote. Tia gia."

Dereva alitia gia. Fundi akakanyaga. Lori likapiga ukelele, likaruka, likazimika. Wakawasha tena. Safari hii lilikwenda, lakini lilikwenda lote kwa mkupuo mmoja, na kabla Dereva hajakata usukani wakawa wamelikumbatia lango la yadi.

"Lango si letu, mama," alisema muuzaji. "Endeleeni."

"Kidogo!" alifoka Dereva. "Nimesema mafuta kidogo! Hiyo si mende!"

"Kidogo ndiyo hiyo!"

"Hiyo ndiyo kidogo? Kikubwa chako kikoje?"

Watu wawili waliokuja kununua chaja walisogea kutazama. Fundi alijisikia jasho likimtoka mgongoni. Mguu wake, ambao haukuwahi kumwangusha, ulikuwa umekakamaa kwa woga. Wakawasha tena, wakazimika tena. Kisha Dereva akanyamaza, na Fundi hakuthubutu kugeuka kumtazama. Alijua kimya kile. Alikuwa ameshona nyuma ya kimya hicho miezi yote ile.

"Fundi," alisema Dereva taratibu.

"Naam."

"Shona kola."

Mguu ulielewa kabla yake. Kola haishonwi kwa nguvu. Unaishusha sindano nukta kwa nukta, kisigino kikiwa kizito na vidole vyepesi, kwa sababu ukizidisha hata kidogo shati lote limeharibika. Mguu wake ulishuka hivyo. Dereva akaachia klachi. Na lile lori, pamoja na tela lake refu na mzigo wake wote, likaondoka mahali pake bila kutikisika, kama linalotoka usingizini.

"Hivyo hivyo," alisema Dereva. Sauti yake ilikuwa na kitu ndani. "Kola. Kola. Bado kola. Tunapita langoni. Sasa pindo la shuka."

Pindo la shuka ni refu na limenyooka, halina cha kuogopa. Fundi akakanyaga kwa raha. Injini ikapandisha sauti, Dereva akabadili gia, lango likabaki kwenye kioo cha pembeni, na barabara ikafunguka mbele yao mpaka macho yalipokomea.

"Mkono wa shati. Hapo. Kata uzi!"

Fundi alirukia breki kama anavyofanya akitaka kukata uzi, na wakasimama barabara kwenye taa nyekundu. Wale wa chaja walipiga makofi.

"Umejuaje?" Fundi aliuliza, macho hayatoki kwenye taa. "Kola, pindo. Umejuaje mimi ninavyokanyaga?"

"Si nakusikia?" alisema Dereva, kana kwamba ni jambo la kawaida kabisa. "Ukishona kola unabana pumzi, unaishusha mwishoni. Ukishona pindo unaimba kwa puani. Ukikosea unakanyaga mara moja halafu unasonya. Nakusikia kila siku."

Kumbe. Siku zote zile alizodhani anashona nyuma ya mtu aliyekwisha kuondoka, mtu alikuwapo, kampa mgongo na kamtegea sikio. Machozi yalimjia Fundi, na barabara ikajaa ukungu maradufu. Mguu hakuuinua.

"Taa imeruhusu," alisema Dereva. "Kola."

Waliifunga ile kompyuta ya kijivu nyumbani, juu ya meza ya kukatia vitambaa, ubavuni mwa cherehani. Muuzaji mwenyewe aliwaletea, akakataa nauli, akaomba tu aonyeshwe siku wakifika mbali. Kutwa nzima ya kwanza hawakufika popote. Walikwaruza ukuta wa kituo cha mafuta, wakatozwa faini kwenye mizani, wakagombana kuhusu nani aliyelala. Fundi alikuwa hajagombana na mumewe kwa muda mrefu, akashangaa jinsi alivyokuwa ameukosa ugomvi wenyewe.

Kesho yake, baada ya chai, walipewa mzigo wa mbao wa kupeleka juu milimani.

Madereva wa safari ndefu wana miiko yao, na Dereva alikuwa nayo yote. Mke hapandi lori lenye mzigo. Mke husimama mlangoni, huaga, kisha hugeuka akaingia ndani kabla gari halijakata kona. Akilitazama likipotea, eti analipoteza kweli. Fundi hakuamini, lakini hakuwa tayari kujaribu. Maisha yake yote ya ndoa aliaga, akageuka, akaingia. Alizijua safari za mumewe kwa kufua: udongo mwekundu kwenye pindo za suruali, harufu ya dizeli, jani kavu mfukoni. Huko kwenyewe hakuwahi kukuona.

Sasa barabara ilianza kupanda. Mvua iliwakuta katikati ya mlima. Ilianza kwa matone machache kwenye kioo cha mbele, ikazidi, waipa zikaanza kufagia. Ile ya kijivu ilinguruma mezani kwa nguvu zake zote, feni zikivuma, na Dereva akaipigapiga ubavuni kwa kiganja akiiambia pole, mama, pole. Upande wa kushoto ardhi iliisha ghafla. Chini huko, mbali, bonde zima lilikuwa limetandazwa, na mto, na mashamba yaliyopakana kama viraka, na wingu moja likitembea chini yao. Chini yao! Fundi alikuwa hajawahi kulitazama wingu kwa juu.

"Hivi ndivyo kulivyo?" aliuliza. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyeingia nyumba ya ibada.

"Kulikuwa zaidi ya hivi."

"Na hukuniambia."

Dereva alifikiri. "Nilikuwa nikirudi nataka kukuambia. Nikifika mlangoni naona nguo zimejaa mezani, wewe pini mdomoni. Ningeanzia wapi?"

Fundi aliendelea kukanyaga. Goti lilikuwa linamuuma, akaliacha liume. Mlima ulikuwa umekaza, na hapa hakukuwa na kola wala pindo. Ulikuwa ni ule mshono wa kitambaa kizito, tabaka juu ya tabaka, ambapo husukumi wala huachii, unashikilia tu na kuiomba sindano ipite. Dereva alibadili gia, na mguu wake Fundi ulishuka wakati ule ule klachi ilipopanda, bila amri ya mtu yeyote. Bega kwa bega, kila mmoja alimhisi mwenzake akipumua.

Mlango ukagongwa.

"Hodi! Fundi! Nimefuata gauni langu. Fundi, upo?"

Dereva alimtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Mikono yake ilikaza kwenye usukani. Mguu ukiinuka sasa hivi, mlimani hapa, mzigo wote ungewarudisha nyuma. Gauni lilikuwa tayari, limetundikwa kwenye msumari kando ya cherehani. Hatua chache tu.

"Fundi! Kuna mtu humo?"

"Mimi sipo," alijibu Fundi kwa sauti kubwa. "Nimesafiri!"

Nje, ndala zikasikika zikisitasita kibarazani, zikakaa kidogo, kama mwenyewe anasikiliza mvua ambayo haikuwa inanyesha kwake. Ndani, waipa zilifagia maji, zikafagia tena. Kona ilikuwa inakuja, ile ya juu kabisa, na nyuma yake hapakuonekana kitu ila mwanga.

"Kola," alisema Dereva kwa upole.

Fundi alibana pumzi, akalegeza vidole, na hakugeuza uso.